Tokelau: utawala unaoanzia kwenye fungu la samaki

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nataka tuanze na samaki. Kwetu pwani fungu la samaki ni la kuuza: linapangwa chini, bei inatajwa, mwenye fedha anabeba. Tokelau, katikati ya Pasifiki, nao wanapanga mafungu, ila bei haitajwi. Wavuvi wakirudi na samaki wa kijiji, wote wanashushwa ufukweni na kugawiwa kwa kuhesabu watu wa kila nyumba. Mjane asiye na mvuvi nyumbani anapata fungu lake kama wengine. Mgao huo wanauita inati. Mimi nauona kuwa ndio msingi wa utawala wao, na jioni ya leo nitawaonyesha kwa nini.

Kwanza mahali penyewe. Tokelau ni atoli tatu, yaani visiwa vyembamba vilivyojipanga kama pete juu ya mwamba wa matumbawe, katikati yake maji ya bahari yaliyotulia: Atafu, Nukunonu na Fakaofo. Ardhi yote haifiki kilomita za mraba 13, na wakazi ni kama 1,500. Uwanja wa ndege hakuna. Gati la meli kubwa hakuna. Meli inatoka Apia, Samoa, inasafiri zaidi ya siku nzima, na ikifika inabaki nje ya mwamba. Abiria, mchele, saruji, vyote vinateremshwa kwenye boti zinazopenya upenyo wa mwamba, bahari ikikubali. Mgonjwa aliyeshindikana katika hospitali ya kisiwani naye anapita hapohapo, akielekea Apia.

Mito nayo hakuna. Maji ya kunywa ni ya mvua, yanakingwa kwenye paa na kuhifadhiwa matangini. Mwaka 2011 mvua ilikatika, ikatangazwa hali ya dharura, maji yakaletwa kwa meli. Hebu fikirini: umezungukwa na bahari pande zote, na unamsubiri nahodha akuletee maji ya kunywa! Mwaka uliofuata walifunga mitambo ya umeme wa jua katika atoli zote tatu, wakaacha kutegemea dizeli kwa karibu umeme wao wote.

Sasa nani anatawala? Kwenye karatasi, New Zealand. Ilikabidhiwa visiwa na Uingereza katika miaka ya 1920, na tangu 1949 visiwa hivyo ni sehemu ya New Zealand. Watu wa Tokelau ni raia wa New Zealand. Lakini ukifika kijijini, mwenye neno ni Taupulega, baraza la wazee. Ndilo linaloamua siku ya kuvua, kazi za vijana, matengenezo ya matangi. Mwaka 2004 madaraka ya msimamizi anayeteuliwa na New Zealand yalikabidhiwa rasmi kwa mabaraza hayo matatu, nayo ndiyo yanayoliachia bunge lao, Fono Kuu, mambo ya pamoja. Kila atoli ina kiongozi wake, Faipule, na hao watatu wanapokezana kila mwaka cheo cha Ulu, kiongozi wa serikali ya atoli zote. Mji mkuu wa kudumu hawana. Kiti kinamfuata Ulu. Ni inati ileile, safari hii cheo ndicho kinachogawiwa.

Walipoulizwa kama wanataka kujitawala kwa ushirikiano na New Zealand, sharti lilikuwa theluthi mbili ya kura. Mwaka 2006 waliokubali walikuwa asilimia 60, hawakufikisha. Mwaka 2007 wakarudia: kura 446 za ndiyo. Zilipungua 16 tu.

Wapo waliosema watu wale wanapenda kutawaliwa. Sikubaliani nao hata kidogo. Mzee wa Fakaofo anayeamua mambo ya kijiji chake kila wiki hajioni mtawaliwa. Anachokijua ni kwamba meli, dawa na mishahara ya walimu vinategemea fedha za Wellington, mji mkuu wa New Zealand, na kwamba watoto wake wako huko. Watu wa asili ya Tokelau wanaoishi New Zealand ni wengi mara kadhaa kuliko waliobaki visiwani, na kura ile hawakuipiga, kwa kuwa ilikuwa ya wakazi peke yao. Mimi ningewaingiza, angalau wale waliozaliwa visiwani. Najua wengine hapa mtapinga, kwa hiyo naomba tuanzie hapo maswali yenu.