Kaunti Ilete Bomba, Mwananchi Atajenga

Wazee wangu, mama zangu, vijana wa Mombasa, asanteni kwa kuja.

Katiba mnaijua, sitaisoma. Nawakumbusha Jedwali la Nne tu: serikali ya taifa ilipewa sera ya nyumba, na nyumba zenyewe zikapewa kaunti. Sasa angalia mshahara wako. Kila mwezi unakatwa asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, mwajiri naye anatia 1.5, na tangu sheria ya 2024 pesa hizo zinaingia mfuko wa taifa. Kaunti inaombwa itoe ardhi. Aliyepewa kazi hana fungu, aliye na fungu hakupewa kazi! Nimelisema hili mbele ya wawakilishi wadi, nimelisema barazani, na nitalisema mpaka sauti iniishe.

Lakini kaunti nayo isijifiche hapo. Ikilia kwamba haina pesa za kujenga maghorofa, mimi huuliza: nani aliyekwambia ujenge maghorofa?

Twendeni Dandora. Mnajua siachi kuitaja Dandora. Mwaka 1975, Baraza la Jiji la Nairobi lilichukua mkopo wa Benki ya Dunia likapima viwanja 6,000 kwa watu wa kipato cha chini. Vingi ni vidogo, mita za mraba 100. Baraza halikumjengea mtu nyumba nzima. Lilichimba mitaro, likalaza mabomba ya maji safi na majitaka, likapasua barabara, na kwenye kila kiwanja likasimamisha choo na bafu. Basi. Mwenye kiwanja akapewa mkopo wa vifaa, akaanza na chumba kimoja. Akipata kidogo, anaongeza cha pili, anakipangisha, na kodi ya mpangaji inalipa deni. Mama muuza mboga hawezi kuchimba mtaro wa majitaka wa kilomita tatu, hata akiweka akiba maisha yake yote. Ukuta atausimamisha, hata kama utamchukua miaka kumi. Ndiyo maana pesa za umma ziende penye jambo ambalo mtu peke yake haliwezi.

Najua kuna atakayeniambia: Dandora hiyo hiyo yenye jalala? Ndiyo, hiyo hiyo. Jalala ni jiji lililolimwaga pale, si wenye viwanja. Na ni kweli, wengi waliuza, wengine wakapandisha vyumba juu ya vyumba na mabomba yakaelemewa. Hilo ni kosa la kutokurudi kuyapanua. Mtu haachi kula kwa sababu jana chakula kiliungua.

Pesa zitatoka wapi? Kodi ya ardhi! Kifungu cha 209 cha Katiba kimeipa kaunti kodi hiyo. Nairobi ilikaa karibu miaka 40 ikitoza kwa thamani ya ardhi ya 1982. Hebu fikirini mwenye ekari ya mjini analipa kwa bei ya zamani hizo, na muuza samaki analipa ushuru wa soko kila siku bila kukosa. Hilo linaniuma.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hivyo haya ni ya mbio. Mikopo ya kaunti inahitaji dhamana ya taifa, tuliache hilo kwa siku nyingine. Nyumba za kaunti zinazobomolewa kupisha wawekezaji: mpangaji wa zamani aandikiwe haki ya kurudi kabla tingatinga halijawashwa. Na nyumba bila ardhi, jambo letu wenyewe: mtu ana kuta zake Majengo na kila mwezi anamlipa mwenye ardhi. Huyo hahitaji ghorofa, anahitaji kaunti isimame kati yake na mwenye ardhi mpaka auziwe pale alipo. Lilistahili mhadhara wake.

Kikao cha maoni ya bajeti kikiitishwa, msiende kusikiliza hotuba. Fungueni ukurasa wa nyumba, muulize ni shilingi ngapi za mabomba ya majitaka na ni wadi gani. Mkijibiwa "tutaangalia", kaeni hapo hapo mpaka waangalie.