Medici wa mwisho

Ndugu zangu, wanaonifahamu wanajua leo pia nitamrudia Anna Maria Luisa, wa mwisho katika ukoo wa Medici uliotawala Florence, Italia. Cosimo mnamjua, Lorenzo mnamjua, mapapa na malkia wa Ufaransa waliotoka ukoo huu mmewasoma. Lakini kila nikisikia kwamba Medici ndio walioijaza Florence sanaa, nauliza: na nani aliyezuia isihamishwe?

Julai 1737 mdogo wake Gian Gastone, mtawala wa mwisho, alifariki bila mtoto. Wakubwa wa Ulaya walikuwa wameshapatana kwamba Toscana, nchi ambayo mji wake mkuu ni Florence, apewe Francis wa Lorraine, mume wa Maria Theresa, mrithi wa Austria. Dada mtu, Anna Maria Luisa, alikuwa mjane wa miaka 70, hana mtoto, hana jeshi. Ila mali ya ukoo ilikuwa yake: picha, sanamu, vitabu, vito. Tarehe 31 Oktoba ukafungwa mkataba na Francis. Vyote apewe Francis na warithi wake katika utawala, kwa sharti moja: vitu vilivyo pambo la nchi, vyenye manufaa kwa umma na vya kuvutia wageni, kisitoke hata kimoja nje ya mji mkuu wala nje ya nchi. Manufaa ya umma, ndani ya mkataba wa watawala, mwaka 1737!

Kuna atakayeniambia vingebaki tu. Vingebaki wapi? Ukoo wa Gonzaga wa Mantua, hukohuko Italia, uliuza picha zake kwa Charles I wa Uingereza. Hazina ya ukoo wa Farnese, miaka hiyohiyo ya 1730, ilitolewa Parma ikapelekwa Naples. Mtawala wa Modena naye akauza picha 100 bora kwa mtawala wa Saxony; ukizitaka, nenda Dresden.

Mwingine atasema mkataba ulivunjwa. Ni kweli, almasi yao kubwa ya manjano ilikwenda Vienna, na Napoleon aliichukua sanamu ya Venus ya Medici hadi Paris. Lakini Venus ilirudi, na Uffizi, jumba la sanaa la Florence ambalo Cosimo I, mtawala wa karne ya 16, alilijenga liwe ofisi, likafunguliwa kwa umma mwaka 1769.

Nilitaka pia kugusa benki yao, iliyoanza 1397 ikafa 1494, na Galileo aliyeipa miezi ya Jupiter jina la ukoo huu. Muda umekwisha. Nawaomba mnaofundisha: msikomee kwenye kifo cha Lorenzo mwaka 1492. Fikeni Februari 1743, alipofariki Anna Maria Luisa.