Mutura, meza na kiti cha mbele

Bwana asifiwe. Nashukuru kwa mwaliko, na nashukuru zaidi kwamba mvua imengoja. Ingenyesha juu ya mabati haya, mngenisikia kwa ishara tu.

Nimeombwa nizungumze juu ya imani, matendo na sheria. Nitaanza na mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, ukachomwa. Jioni moja nilishuka matatu njaa ikiwa imenibana, nikasimama kwa kijana mmoja anayechoma kando ya barabara. Mnawajua hawa: jiko la makaa, ubao uliolowa mafuta, kisu kilichonolewa mpaka kikawa chembamba, chumvi kwenye kikopo, bakuli la kachumbari kali. Akanikatia ya shilingi 20. Kabla sijatia kinywani nikasikia nyuma yangu, "Mwalimu! Na Matendo 15 je?" Ni mwanafunzi wangu wa darasa la Biblia. Nikabaki na kipande mkononi kama mtu aliyefumaniwa.

Msicheke, swali lake lina uzito. Mutura ina damu, na ule waraka wa kikao cha mitume na wazee kule Yerusalemu, ulio katika Matendo 15, uliwaambia waamini wasio Wayahudi wajiepushe na vitu vilivyotolewa sadaka kwa sanamu, na damu, na nyama zilizosongolewa, na uasherati. Humu Nairobi wako Wakristo wengi ambao hawataigusa mutura kwa sababu ya aya hiyo. Lakini tazameni ajabu yake. Kikao hichohicho ndicho kilichokataa kuwatwika watu wa Mataifa tohara na torati ya Musa. Dakika hii wanafungua mlango, dakika ya pili wanaorodhesha miiko. Kwa nini?

Mimi nausoma waraka ule kama barua ya watu wanaotafuta namna ya kula pamoja. Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, mwenyewe anatoa sababu: Musa anasomwa katika masinagogi ya kila mji. Yaani jirani yako katika Kristo amelelewa akijua damu hailiwi. Ukimwekea damu sahanini, umemfukuza bila kusema neno.

Sasa twende Antiokia, kwa kuwa huko ndiko moto ulikowaka. Soma Wagalatia sura ya 2 polepole. Petro alikuwa akila na watu wa Mataifa, hana neno. Wakaja watu kutoka kwa Yakobo. Petro akarudi nyuma, akajitenga, na wengine wakamfuata, hata Barnaba. Paulo akamkabili mbele ya watu wote. Na ni hapo hapo, chakula kikiwa bado kinapoa mezani, tunakutana na yale maneno ambayo Wakristo wamegombania kwa karne nyingi: mwanadamu hahesabiwi haki kwa matendo ya sheria, bali kwa imani. Tumezoea kuyasoma kama kanuni ya chuoni. Yalianza kama ugomvi wa nani anakula na nani.

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili. Nyanya yangu aliolewa mke wa pili. Kila Jumamosi alifagia kanisa letu kijijini, akanyunyiza maji ili vumbi litulie, na Jumapili alifika wa kwanza. Kila ilipofika Meza ya Bwana alibaki kwenye benchi la karibu na mlango. Sisi wajukuu tulimwachia viatu vyetu, kwa maana siku ya Meza tulipenda kuteleza pekupeku kwenye sakafu ile ya saruji, naye alivipakata mpaka ibada ikaisha. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Sitalitaja kanisa, maana halikuwa peke yake. Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth, London, waliamua mume mwenye wake wengi asibatizwe. Ilichukua mpaka 1988, miaka 100 kamili, mkutano uleule ukubali apokewe pamoja na wake zake na watoto, kwa masharti, wala asilazimishwe kuwaacha. Sisemi ndoa ya wake wengi ni sawa tu, mwulize nyanya. Nasema imani yake ilikuwa pale, matendo yake mmeyasikia, na sheria ikamwambia kaa mlangoni. Nikisoma Wagalatia, ni yeye ninayemwona.

Basi mtu atainuka aseme: mwalimu, na Waraka wa Yakobo? "Mwaona kwamba mwanadamu huhesabiwa haki kwa matendo yake; si kwa imani peke yake." Naam. Na ajabu ni kwamba katika Biblia nzima maneno imani na peke yake yamekutana hivyo mahali hapo tu, na yamekutana ili kukanushwa. Martin Luther, yule Mjerumani aliyeanzisha matengenezo ya kanisa, alipotafsiri Agano Jipya, lililotoka 1522, aliongeza neno "peke yake" kwenye Warumi 3:28, akasema Kijerumani kinalidai, na Waraka wa Yakobo akauita waraka wa majani makavu. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa Wakatoliki, ukajibu mwaka 1547. Hayo yana vitabu vyake. Itoshe kusema kwamba tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki, na Wamethodisti wakajiunga mwaka 2006. Watu wengi humu wanapigana vita ambavyo wakubwa wao walishavipunguza makali.

Turudi kwa Yakobo. Sura ileile ya 2, kabla hajafika kwenye imani na matendo, anaanza na nini? Viti! Anaingia mtu mwenye pete ya dhahabu, anaambiwa, "Keti wewe hapa mahali pazuri." Anaingia maskini mwenye mavazi mabovu: "Simama wewe pale, au keti miguuni pangu." Halafu anakuja ndugu asiye na nguo wala riziki, anaombewa amani na kuambiwa akaote moto na kushiba. Huyo ndiye anayemchoma Yakobo. Paulo anamtetea aliyenyimwa nafasi mezani, Yakobo anamtetea aliyekalishwa sakafuni. Mimi naona wamesimama upande mmoja.

Hata Ibrahimu wanamgawana. Wote wawili wananukuu Mwanzo 15:6, kwamba alimwamini Mungu akahesabiwa haki. Paulo anauliza: ni lini? Kabla ya kutahiriwa. Yakobo anauliza: ikawaje baadaye? Akamtoa Isaka. Neno "kuhesabiwa" ni la daftari, kama la mwenye duka mtaani kwako. Paulo anasema ujira wa mfanyakazi ni deni, haki yake alipwe, bali huyu ameandikiwa bure. Yakobo hapingi daftari. Anauliza mbona uliyefutiwa deni unamkaba jirani yako.

Wazee wa uamsho ule ulioanzia Gahini, Rwanda, ukafika Kabete mwaka 1937, walilielewa hili bila chuo. Aliyeokoka alirudisha alichoiba, hata kama ni jembe. Hakuna aliyedhani jembe lile linanunua wokovu. Lakini ushuhuda wako nani angeusikiliza, na jembe la mwenzako liko kwako?

Sisi je? Tohara hatugombanii tena. Tuna ya kwetu: urefu wa sketi, hereni, kiasi cha mbegu ulichopanda madhabahuni. Na kiti cha mbele tunachomwekea mwanasiasa. Mwaka 2021 Askofu Mkuu wa Kianglikana Jackson Ole Sapit alipopiga marufuku siasa mimbarini, na Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Kikatoliki Philip Anyolo alipoagiza mchango wa rais kwa parokia ya Soweto hapa Nairobi urudishwe, wengi walisema ni siasa. Mimi niliisikia sura ya 2 ya Yakobo ikisomwa kwa sauti.

Mnataka kujua ya mutura. Nilimlipa yule kijana, nikamwachia kipande changu, mimi na mwanafunzi tukanunua mahindi ya kuchoma, tukala tukitembea. Mtasema nimeogopa kama Petro. Hapana. Petro aliacha watu, mimi niliacha nyama. Siku aliyokuja mwanafunzi mwingine asiyejali damu, tulikula mutura, tena ya shilingi 50.

Karibu nimalize, maswali najua ni mengi. Lakini tangu nianze naona kina mama wawili wamesimama pale mlangoni, mmoja ana mtoto mgongoni, na hapa mbele kuna viti vitatu vyenye vitambaa vyeupe ambavyo havina mtu. Mwenyekiti, wageni waheshimiwa wanakuja au hawaji? Hawaji. Mama, njooni hapa. Hapana, msikae chini, njooni kwenye viti. Kijana, hebu msaidie na huo mfuko. Haya, swali la kwanza.