Kabla Sanduku la Vipimo Halijafunguliwa

Mhadhara kwa wazazi na walimu, Bombo

Asalaam aleikum, na habari za mchana kwenu nyote. Wazazi wangu, walimu wenzangu, na nyinyi bibi zetu mliokaa kivulini pale kwa kuwa viti vimekwisha: nimeambiwa nina muda hadi adhana ya alasiri, kwa hiyo salamu nitazifupisha.

Mimi ni mwalimu wa elimu ya mahitaji maalumu, nilisomea Kyambogo. Si daktari, wala sijawahi kumpima mtoto ubongo. Ila ripoti huletwa kwangu. Mzazi anakuja na bahasha ya kaki, anaiweka mezani, anasema, "Mwalimu, nisomee, wamesema nini?" Mara nyingi nikimaliza kusoma sioni hata jambo moja la kumfanyia mtoto yule darasani Jumatatu. Fedha imekwenda, na mtoto yuko palepale. Ndiyo maana nimeomba tuzungumze juu ya kumchagua huyu mtu anayeitwa mwananyurosaikolojia.

Tumtenganishe kwanza na wenzake. Daktari wa neva anatibu kifafa, anatoa dawa, anaagiza mashine inayochora umeme wa ubongo. Picha ya CT itaonyesha uvimbe, au maji yaliyojaa kichwani kama kwa wale watoto wanaopelekwa kupasuliwa Mbale. Lakini picha haikwambii kwa nini mtoto ukimtuma vitu vitatu dukani anarudi na kimoja. Picha inaweza kuwa safi kabisa, na mtoto asijue kusoma. Mwananyurosaikolojia hupima kazi ya ubongo: umakini, kumbukumbu, lugha, ushirikiano wa jicho na mkono, kasi ya kufikiri, kupanga jambo kabla ya kulianza. Vifaa vyake ni maswali, picha, vipande vya kupanga, karatasi na kalamu. Dawa haandiki.

Hapa Uganda cheo hicho hamtakikuta kwenye milango mingi. Mtakaowakuta zaidi ni wanasaikolojia wa kliniki waliosoma Makerere au nje, na baadhi yao wamejifunza vipimo hivi. Mnaweza kuanza kwa kuulizia kwenye hospitali za Butabika au Mulago, kule Kampala. Msibabaishwe na jina la cheo. Muulizeni nani alimfundisha kazi hii, amewapima watoto wangapi wa umri wa mwanao, na ripoti anaandika mwenyewe au anamwachia msaidizi. Anayekasirika kwa maswali hayo amekuokolea nauli.

Sasa niwape kisa cha nyumbani kwetu. Mtoto wa dada yangu, alipokuwa na miaka 4, malaria ilimpanda kichwani. Degedege, kisha siku mbili hajitambui. Alipona, tukachinja, tukashukuru. Alipofika darasa la tatu akawa ndiye mjinga wa darasa: anaanza sentensi haimalizi, anasahau daftari, anachapwa. Hakuna aliyekumbuka ile malaria. Na hilo si jambo la familia yetu peke yake. Watafiti waliwafuatilia watoto waliolazwa Mulago kwa malaria ya ubongo, na matokeo waliyochapisha mwaka 2008 yalionyesha kwamba baada ya miaka 2, karibu mtoto 1 kati ya 4 alikuwa na upungufu katika angalau sehemu moja ya utendaji wa akili. Kwa watoto wa mitaa ileile ambao hawakuugua hivyo, walikuwa chini ya 1 kati ya 10. Waliopona, wakaruhusiwa, wakarudi shuleni! Kuna walimu hapa wanaojua ninawazungumzia watoto gani.

Tukampeleka kupimwa. Mahali penyewe sitapataja. Mtoto aliamshwa saa kumi alfajiri, akapanda boda boda, kisha matatu, hakunywa hata chai. Yule mtu akamuuliza jina, umri, darasa, akafungua sanduku la vipimo. Kila kitu kwa Kiingereza. Ikatoka ripoti ya kurasa 11, na mwisho wake nambari moja, 58, na maneno "ulemavu wa akili". Ukurasa wa 7 ulimtaja kama msichana. Yaani maneno ya mtoto mwingine yalinakiliwa yakabandikwa kwa wetu.

Mwaka uliofuata dada yangu akapata mwanamke mmoja, mtulivu, hana mbwembwe. Karibu saa nzima sanduku lilikuwa limefungwa. Alimuuliza mama: mtoto alipozaliwa alilia papo hapo? Alitembea lini? Ile homa, alilala muda gani bila kuamka? Masikio yamewahi kutoa usaha? Anatumia dawa gani sasa? Mwalimu analalamika nini hasa, na wewe unalalamika nini? Kisha akauliza swali ambalo mimi, pamoja na Kyambogo yangu yote, sikuwa nimewahi kulifikiria: "Akigombana na ndugu zake, anagombana kwa lugha gani?"

Jibu lilikuwa Kinubi. Mnajua wenyewe watoto wa Bombo: Kinubi ndani, Kiswahili njiani, Kiganda sokoni, Kiingereza mbele ya mwalimu. Yule mpimaji akasema, "Kinubi sikijui. Kiswahili nakijua. Nitatumia Kiswahili, na nitategemea zaidi sehemu ambazo mtoto hajibu kwa maneno, na nitaliandika hilo kwenye ripoti." Mimi nilikuwepo. Kwangu uchaguzi uliisha pale, hata kabla mtoto hajashika kalamu.

Lugha si jambo dogo, na nataka tukae hapa kidogo. Kuna kipimo cha kumsomea mtoto nambari naye azirudie. Kinaonekana chepesi, hakina siasa. Lakini hesabuni: moja, mbili, tatu, nne, tano. Kila moja ina silabi mbili. Za Kiingereza, kuanzia moja hadi tisa, zote ni silabi moja isipokuwa saba. Kumbukumbu ya muda mfupi inabeba maneno mafupi kwa wingi kuliko marefu. Watafiti walishalionyesha hilo mwaka 1980 kwa watu wa Wales, ambao nambari za lugha yao huchukua muda mrefu kutamkwa kuliko za Kiingereza. Kwa hiyo ukitafsiri tu kipimo kwa Kiswahili halafu ukalinganisha na jedwali la alama za watoto wa Marekani, mtoto amepunjwa kabla hajafungua kinywa. Na ukimpima kwa Kiingereza alichokianza juzi, umepima Kiingereza chake.

Hata vitu vya mkononi vina nchi yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanasaikolojia Robert Serpell aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza kazi ileile, kuiga umbo. Kwa kalamu na karatasi, watoto wa Uingereza walishinda. Kwa waya, walishinda wa Zambia, ambao hujitengenezea magari ya waya. Kwa udongo wa kufinyanga, walilingana. Nani ana akili hapo? Mimi nikimwona mtoto aliyeshindwa kuchora msalaba lakini gari lake la waya lina usukani unaozunguka, ripoti inayosema "mkono na jicho havishirikiani" naisoma kwa jicho moja.

Kwa hiyo mpimaji aulizwe: vipimo unavyotumia vimewahi kutumika kwa watoto wetu? Majibu yenye maana yapo. Vipimo vya akili vya watoto viitwavyo vya Kaufman, kwa kifupi KABC, vimetumika katika utafiti hapa Uganda kwa watoto waliougua malaria na wenye VVU. Kule Kilifi, Kenya, watafiti wametengeneza vipimo vya watoto kwa Kiswahili chenyewe. Akikujibu kwamba kipimo ni kipimo popote duniani, mshukuru, ondoka.

Kuhusu ile nambari. Vipimo vingi vya akili vimepangwa hivi: katikati ni 100, na watoto wapatao 68 katika 100 huangukia kati ya 85 na 115. Lakini nambari ni makadirio. Mpimaji mwaminifu hataandika, tuseme, 78 peke yake. Ataandika kwamba pengine ni kati ya 73 na 84. Na nambari moja huficha mengi. Mtoto wetu alipopimwa upya, kufikiri kwake kulikaribia kwa wenzake. Kilichoanguka ni umakini na ile kumbukumbu ya kushikilia jambo wakati unalifanyia kazi. Ripoti ilikuwa kurasa 5. Iliagiza akae mbele, apewe agizo moja moja, hesabu kumi zipunguzwe ziwe tano, maelezo yaandikwe ubaoni yabaki. Niliweza kuyafanya Jumatatu. Sasa yuko darasa la sita na anasoma vizuri. Hesabu bado zinamtesa, siwadanganyi.

Kabla ya kwenda, macho na masikio yapimwe, maana asiyesikia vizuri hufanana sana na asiyeelewa. Bebeni daftari za shule, zile zenye makosa, msichague nzuri. Dawa zote mzitaje. Fenobabitoni ya kifafa, kwa mfano, inaweza kumfanya mtoto awe mzito. Alale, ale. Upimaji kamili huchukua saa kadhaa, na kwa mtoto mdogo ni bora ugawanywe siku mbili. Bei muulize inajumlisha nini: ripoti, kikao cha kukuelezea, barua ya shule? Ripoti isiyoelezwa ana kwa ana ndiyo hiyo inayoishia mezani kwangu.

Anayetoa jibu kwa nusu saa, anayeuza vidonge vya akili, anayesoma vipaji kwenye alama za vidole, hao sina haja ya kuwamalizia muda. Na anayetaka kurudia kipimo kilekile kila baada ya miezi mitatu anapima mazoezi. Mtoto huyakumbuka maswali. Wengine mtaniuliza juu ya dua. Msomeeni mtoto dua, sina ugomvi nayo, na siku ya miadi mmpeleke.

Kwa wenye watoto wa darasa la saba: UNEB, baraza la mitihani la Uganda, huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 45 za ziada, na wako wanaopewa maandishi makubwa au msaidizi. Lakini shule lazima iwataje wakati wa kusajili. Ripoti inayokuja mwezi mmoja kabla ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, imechelewa. Mwambieni mpimaji tangu mwanzo kwamba mnaihitaji kwa ajili hiyo, ili aandike wazi mtoto anahitaji nini na kwa nini.

Bibi pale mbele ananionyesha saa. Na mama mwenye bahasha ya kaki, nimekuona tangu nilipoanza. Usiondoke, tukitoka kuswali tutaisoma pamoja.