Zidisha Tatu Kabla ya Kubadilisha Transista

Ndugu mafundi, nitarudia nilichokwisha kusema mara nyingi: transista nyingi za amplifaya zinaungua, lakini si kwa sababu ni ndogo. Mnatoa iliyoungua, mnaweka ya wati 150, nayo inaungua vilevile. Wati za transista haziingii moja kwa moja kwenye hesabu nitakayowapa.

Voltiji ya besi, yaani mguu wa transista unaoongoza mkondo, ikikaa palepale, kila nyuzi moja ya joto inayopanda ni sawa na kuiongezea besi milivolti 2. Mkondo unapanda, joto linapanda, mkondo unapanda tena. Mduara huo utatulia au utakimbia? Zidisha vitu vitatu: voltiji kati ya kolekta na emita (miguu miwili ambayo mkondo mkubwa unapita kati yake), ongezeko la mkondo kwa kila nyuzi, na ukinzani wa joto toka ndani ya transista hadi hewani. Jibu likiwa chini ya 1, kila mzunguko unarudi mdogo kuliko uliotangulia. Likivuka 1, hakuna pa kutulia.

Chukua volti 35 na mkondo wa miliampea 100 spika zikiwa kimya. Ukinzani wa emita yenyewe ni milivolti 26 gawanya kwa mkondo: omu 0.26. Kwa hiyo kila nyuzi, milivolti 2 gawanya kwa omu 0.26, inaleta miliampea 7.7, yaani wati 0.27. Ukinzani wa joto: 0.8 ndani ya transista, 0.5 kwenye mika (kipande chembamba kinachozuia umeme) na pesti ya kupitisha joto, 1.5 kwenye hitisinki, yaani chuma cha kupoza. Jumla nyuzi 2.8 kwa wati. Jibu ni 0.75. Msifurahi! Mkondo ukifika 200, ukinzani wa emita unakuwa nusu na jibu linakuwa 1.5. Muziki wa nusu saa kwenye ukumbi wenye joto unatosha kukufikisha huko.

Sasa weka rezista ya omu 0.22 kwenye emita. Jibu linashuka hadi 0.41. Tena rezista hiyo haipungui mkondo unapopanda, kwa hiyo hata mkondo uwe mkubwa vipi, jibu halivuki 0.89. Ndiyo maana ipo! Anayeiruka kwa waya ili besi ya spika iwe nzito ameng'oa breki.

Mtaniambia hitisinki yenu ni kubwa. Sawa, lakini joto linapita kwenye mika kwanza. Skrubu ikilegea au pesti ikikauka, ile 0.5 ikawa 2, jumla ni 4.3. Kwenye miliampea 100 bado mko salama. Mkondo ukivuka kama miliampea 320, haurudi. Na hapo mkigusa hitisinki mtaikuta vuguvugu tu, maana joto limekwama nyuma ya mika.

Transista ndogo ya kurekebisha voltiji ya besi ifungwe mgongoni mwa ile kubwa. Ukiifunga kwenye hitisinki itachelewa, maana hitisinki huchukua dakika kadhaa kupata habari za joto hilo. Hilo linahitaji mhadhara wake. Msingi wa mduara huu ni uleule ambao mwanakemia wa Kisovieti Nikolai Semenov aliutumia mwaka 1928 kwa milipuko ya kikemikali: mteremko wa joto linalozalishwa dhidi ya mteremko wa joto linaloondoka.

Mkirudi kazini, wekeni mita kwenye ile rezista ya 0.22 kabla ya kupiga muziki: isome milivolti 22. Pigeni muziki dakika 20, punguzeni sauti hadi kimya, msome tena. Namba ikiendelea kupanda wakati hakuna sauti, zimeni.