Kwa Nini Bado Napanda Basi Minneapolis: Najibu Leo, Msiniulize Tena

Habari zenu wapendwa. Leo sijapaka hata poda, mtanivumilia. Niko kituoni hapa Penn Avenue, kaskazini mwa Minneapolis. Juu yangu hapa kuna taa za joto: unabonyeza kitufe zinawaka, zinakuchoma utosi huku miguu ikiendelea kuganda, halafu zinazima zenyewe. Kwa hiyo mkiniona nageuka geuka, nabonyeza kitufe.

Sasa. Kila nikiweka video, komenti ni hiyo hiyo. "Dada, tangu 2018 uko Marekani, kila siku tunakuona kituo cha basi. Gari liko wapi?" Mwingine kaandika, "Huyu analo, analificha ili asiombwe hela." Na mdogo wangu wa damu, tumbo moja, akaweka vicheko vitatu pale chini na neno moja: bahili. Nimekuona. Wewe uliyepokea hela ya mabati mwezi wa nane, nimekuona.

Nikisema gari ninalo, mtasema najisifu. Nikisema sina, najifanya maskini. Basi nitasema yote, kila mtu achukue lake.

Gari niliwahi kuwa nalo. Nilikaa nalo miezi kumi na moja. Leseni ya Tanzania hapa haikuvushi moja kwa moja, unafanya mtihani wa maandishi, kisha wa barabarani, mimi niliyeendesha kutoka Dar hadi Moshi usiku nikafelishwa kurudi nyuma kwenye maegesho. Mara mbili. Haya, leseni nikapata. Mkopo wa gari: mgeni huna historia ya kukopa, kwa hiyo riba unayopewa ni kama ya wale wa mikopo ya mtaani, ila hii wanakuandikia kwenye karatasi nzuri. Bima nayo ikanihesabu kama mtoto wa miaka kumi na nane aliyeanza kuendesha jana. Nilikuwa nalipa dola 570 kwa mwezi, mkopo na bima, kabla sijaweka hata tone la mafuta.

Halafu ikaja theluji. Hapa mji ukitangaza dharura ya theluji, siku zinahesabiwa tatu. Siku ya kwanza inaanza saa 3 usiku, huruhusiwi kuegesha kwenye barabara kubwa zilizowekewa alama. Siku ya pili, kuanzia saa 2 asubuhi, mitaani huegeshi upande wa nyumba zenye namba shufwa. Siku ya tatu, upande wa witiri. Mimi kwa akili yangu, siku ya kwanza iliyoanza saa 3 usiku nikajua itaendelea mpaka kesho yake usiku, kama siku yoyote ya Mungu. Nimetoka kazini asubuhi, zamu ya usiku, nimeegesha upande wa shufwa, nimelala. Naamka, gari hakuna. Nikapiga simu polisi kusema nimeibiwa! Yule dada wa kwenye simu akaniuliza taratibu, "Mama, ulisikia tangazo la theluji?" Gharama za kulikomboa zilikuwa zaidi ya mshahara wangu wa siku mbili. Kosa langu, sikatai. Mwezi wa nne nikaliuza.

Lakini hilo si jibu lenyewe. Watu wengi wanavutwa magari na hawayauzi. Jibu lenyewe ni kwamba hapa, swali la gari na swali la nyumba ni swali moja, na mimi lilinichukua muda kulielewa kwa sababu nilianza kulielewa vibaya.

Nimefika hapa Septemba 2018. Mnaokumbuka, 2017 Kimara pale Dar ilikuwa nini? X ya kubomolewa. Ukutani, nyekundu, Kimara mpaka huko Kiluvya, barabara ya Morogoro inapanuliwa. Nyumba ya mama mdogo ilikatwa ikabaki sebule na choo. Mimi nimeondoka Dar na ile vumbi bado iko kwenye mabegi, siongezi chumvi.

Kazi yangu ya kwanza ya kubeba boksi ilikuwa kumhudumia bibi mmoja nyumbani kwake, kusini magharibi ya mji, karibu na ziwa Harriet. Kwa basi, kubadilisha mara mbili, saa moja na dakika ishirini kwenda tu. Siku ya pili nikaona kwenye bustani yake kibao. Jirani naye anacho. Mtaa mzima. Kingereza changu bado kilikuwa cha darasani lakini neno la tingatinga nalijua: msibomoe mitaa yetu kwa tingatinga. Jamani, moyo ukaruka. Nikasema, kumbe hata huku! Nikaingia ndani, nikamshika bibi mkono, nikampa pole. Nikamuuliza, wamewapa siku ngapi za kuhama? Fidia je?

Bibi akaniangalia. Akamwita mwanawe.

Ndiyo mwanawe akanieleza kwamba hakuna anayebomolewa. Mji ulikuwa na mpango mpya, unaitwa 2040, na ndani yake kulikuwa na ruhusa: kwenye kiwanja chochote cha makazi, mwenye kiwanja akitaka, anaweza kujenga nyumba ya familia tatu. Akitaka. Kabla ya hapo, asilimia 70 hivi ya ardhi ya makazi ya Minneapolis ilikuwa ya nyumba moja, familia moja, basi. Ukijenga safu ya vyumba vya kupangisha uwani kama tunavyofanya sisi, umevunja sheria. Hofu ya mtaa ule ilikuwa kwamba mjenzi atanunua nyumba ya jirani, ataivunja, ataweka jengo la familia tatu, litaziba jua, na wapangaji watajaza magari barabarani.

Wapangaji, yaani mimi.

Sitaki mumchukie yule bibi. Alikuwa mtu mwema, Krismasi alininunulia buti hizi hizi mnazoziona. Nyumba alinunua na marehemu mumewe wakiwa vijana, na kodi yake ya majengo kila mwaka ingenimaliza mimi. Lakini siku ile nilirudi na basi nikihesabu: mimi namuogesha, yule wa jioni anampikia, dada mwingine anafanya usafi, na hakuna hata mmoja wetu anayeweza kuishi dakika kumi kutoka pale, si kwa sababu tu ya hela, kwa sababu kisheria vyumba vya ukubwa wetu karibu vyote havikuruhusiwa kujengwa mitaa ile. Kimara X unaiona. X ya hapa ilikuwa imeandikwa kwenye kanuni za matumizi ya ardhi, ukurasa ambao hakuna anayeusoma.

Na zamani iliandikwa wazi zaidi. Chuo Kikuu cha Minnesota wana mradi, Mapping Prejudice, ulianza 2016, wanasoma hati za zamani za nyumba moja moja. Kuanzia 1910 maelfu ya hati za mji huu zilikuwa na kifungu kwamba nyumba hii isiuzwe wala isipangishwe kwa mtu mweusi. Hati ya nyumba! Sisi tunagombana na hati kuchelewa, wenzetu hati inakutaja rangi. Jimbo likapiga marufuku kuandika vifungu vipya 1953, na mwaka 1968 sheria ya taifa ikaja. Lakini nyumba zilishauzwa, zimesharithiwa.

Na wanaosema "Marekani hawabomoi watu," vukeni mto hapo mji jirani wa St. Paul, ulizeni Rondo. Ulikuwa mtaa wa Wamarekani weusi, una maduka yao, makanisa yao. Barabara kuu ya I-94 ikapita katikati, miaka ya hamsini na sitini, mamia ya familia zikaondolewa. Meya wa St. Paul ameomba radhi mwaka 2015. Radhi imekuja, barabara ipo.

Haya, turudi. Desemba 2018 madiwani wakapiga kura, 12 kwa 1, mpango ukapita. Nyumba za familia tatu zikaruhusiwa kuanzia Januari 2020. Mwaka 2021 wakafuta pia kanuni ya kumlazimisha kila mjenzi kuweka maegesho. Hili mtu wa Dar unaweza usilione uzito wake: maegesho hayajengwi bure, anayeyalipia ni mpangaji, hata kama mpangaji mwenyewe ni mimi wa basi.

Mtaniuliza, zile nyumba za familia tatu ziko wapi? Chache sana, nasema kweli. Hesabu hazikuwalipa wajenzi. Kilichoongezeka ni maghorofa ya kupangisha kwenye barabara zinazopita mabasi. Watafiti wa taasisi ya Pew walipiga hesabu ya 2017 hadi 2022: nyumba za Minneapolis ziliongezeka asilimia 12, kodi za nyumba zikapanda asilimia 1 tu, wakati sehemu nyingine za jimbo kodi zilipanda asilimia 14. Mimi si mtafiti, nina risiti. Chumba changu nilianza kwa dola 950 na leo nalipa 1,065. Rafiki yangu wa mji mwingine jimbo hili hili alianza chini yangu, sasa amenipita.

Ila msije mkanukuu kwamba nimesema kodi hapa ni rahisi. Yale maghorofa mapya mimi naishia kuyaangalia kwa nje. Nimeingia kuuliza moja, wakanionyesha chumba cha kuoshea mbwa. Mbwa ana bafu lake na bomba la maji ya moto! Kodi ikawa mara moja na nusu ya yangu. Na kuomba tu chumba unalipia ada ya maombi, hairudi. Mshahara lazima uwe mara tatu ya kodi, hati za malipo, alama za mkopo. Nimeomba sehemu nne, nimekataliwa nne, dola 200 zimekwenda na sababu sikuambiwa moja ya maana. Amana angalau mji umeweka kikomo, isizidi kodi ya mwezi mmoja. Kabla ya hapo walikuwa wanajipangia.

Na mpango wenyewe ulikwenda mahakamani, nisiwafiche. Walioshtaki walikuwemo watetezi wa ndege, wakitumia sheria ya mazingira ya 1971. Hoja yao ni kwamba hakuna aliyepima watu wengi na majengo mengi vitafanya nini kwa maji, miti na ndege. Mwaka 2022 jaji akausimamisha, 2023 akaamuru mji urudi kwenye mpango wa zamani, mpaka 2024 bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuiondolea mipango ya namna hii kesi kama zile. Mimi napenda ndege. Lakini mtu akikaa mbali na kazi maili ishirini na kuendesha kila siku, ule moshi nao ndege hawauvuti?

Sasa basi. Nililetwa hapa Penn na hesabu, sikuletwa na uzuri wa mtaa. Basi la C Line, hili ninalolisubiri, lilianza Juni 2019, kutoka katikati ya mji mpaka Brooklyn Center, na kazi yangu ya sasa, nyumba ya wazee, iko huko. Unalipa kwenye mashine kabla hujapanda kama mwendokasi, yale mabasi ya haraka ya Dar, dola 2. Tofauti ni kwamba mwendokasi wetu una njia yake, hata kama bodaboda wanaivamia. Hili linasukumana na magari kwenye foleni.

Wakijaribu kulipatia basi njia yake, ni vita. Barabara ya Hennepin, 2022, madiwani walitaka njia ya mabasi saa 24. Wenye maduka wakalia maegesho. Meya akapiga veto, wakashindwa kuitengua kwa kura moja, wakakubaliana waanze na angalau saa sita kwa siku. Nilihudhuria mkutano mmoja wa aina hiyo, saa kumi jioni siku ya kazi. Waliojaa mle ni wastaafu. Mimi nilikaa dakika ishirini nikakimbilia zamu.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kuja, usiniulize ununue gari au usinunue. Una watoto wawili na shule mbili, nunua. Kazi yako iko vitongoji vya mbali ambako basi linapita mara moja kwa saa, nunua, usimsikilize mtu. Wakenya na Waliberia wengi wa Brooklyn Park wana magari na maisha yao yamenyooka kuliko yangu. Mimi nimeshinda kwa sababu sina mtoto na nimekodi kando ya njia ya basi. Kesho wakinihamisha kituo cha kazi, mtaniona kwenye video nafuta theluji kwenye kioo, na hapo mtasema nimeanza kuringa.

Na zile dola 570 nilizokuwa nalipa, nusu yake inakwenda kwenye kiwanja cha Kiluvya. Ndiyo, Kiluvya, nimerudi kule kule. Fundi anataka hela ya msingi Ijumaa na hati bado naambiwa inashughulikiwa, mwaka wa pili huu. Kama kuna mtazamaji anayejua kwa uhakika hifadhi ya barabara upande ule inaishia wapi, siyo ya kusikia, ya uhakika, aniandikie kabla ya Ijumaa.

Hilo basi linakuja. Ngoja nitafute kadi.