Faili za Mfumo Zinapohamishwa: Kwa Nini Kiungo Peke Yake Hakitoshi

Ndugu wasikilizaji,

Mada yetu inahusu jambo ambalo wengi hulipa uzito siku seva inapokataa kuwaka. Programu za msingi za mfumo zinapohamishwa kutoka saraka (folda) moja kwenda nyingine, ni kitu gani hasa kinachoharibika, na kwa nini kinaharibika hata pale watengenezaji wa mfumo walipoacha kiungo, yaani jina linaloelekeza kwenye faili au saraka nyingine, cha kumfikisha mwenye njia ya zamani (anwani ya zamani ya faili) mahali papya? Nitakaa zaidi na mfano mmoja, nao ni kuunganishwa kwa saraka za /bin, /sbin na /lib na zile zilizomo ndani ya /usr katika mifumo ya Linux, kwa kuwa ndani yake karibu kila aina ya tatizo la namna hii imejitokeza.

Mgawanyo wenyewe ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika maabara za Bell, wakati Ken Thompson na Dennis Ritchie walipokuwa wakiijenga Unix juu ya kompyuta ya PDP-11. Diski ya mfumo ilipojaa, programu zilihamia kwenye diski ya pili iliyokuwa na saraka za watumiaji chini ya /usr, na humo ikazaliwa bin nyingine. Sababu nzuri ilikuja baadaye: ikasemwa kwamba /bin ibebe vile vinavyohitajika kuwasha mashine na kuitengeneza inapoharibika, na /usr ibebe yaliyobaki, hata kama imo kwenye diski nyingine au inavutwa kupitia mtandao. Siku hizi kazi hiyo ya kuwasha hufanywa na mfumo mdogo wa muda unaopakiwa kwenye kumbukumbu, kwa hiyo mgawanyo ulibaki bila kazi. Kati ya matoleo mbalimbali ya Linux, Fedora iliuondoa katika toleo la 17 mwaka 2012, Arch ikafuata mwaka 2013, na Debian ikafikia hatua ya kutotambua mpangilio mwingine wowote katika toleo la 12 la mwaka 2023. Katika mifumo hiyo /bin si saraka tena. Ni kiungo kinachoelekea usr/bin.

Hapa ndipo ninapotaka tutofautishe makundi mawili ya programu, maana bila tofauti hiyo mtu atatafuta kosa mahali lisipokuwepo. Kundi la kwanza ni la programu zinazoifungua njia: zinauomba mfumo faili iitwayo /bin/sh, mfumo unakifuata kiungo, faili inapatikana, na kazi inaendelea. Kundi la pili ni la programu zinazoilinganisha njia: zinalichukua jina /bin/sh kama maandishi na kuliangalia dhidi ya maandishi mengine yaliyohifadhiwa mahali fulani. Kiungo hulihudumia kundi la kwanza kikamilifu. Kundi la pili hakilisaidii hata kidogo, kwa sababu mbele ya kundi hilo /bin/sh na /usr/bin/sh ni majina mawili tofauti, ingawa yanaishia kwenye faili moja.

Mfano ulio wazi zaidi ni dpkg, programu inayosimamia vifurushi, yaani programu zilizofungashwa tayari kusakinishwa, katika Debian. Kumbukumbu zake zinahifadhi, kwa kila kifurushi, orodha ya njia za faili zake kama zilivyoandikwa ndani ya kifurushi. Katika Debian 12, ukiuliza amri ya ls iko wapi, sheli, yaani programu inayopokea amri unazoandika, inaweza kukujibu /usr/bin/ls. Lakini ukiiuliza dpkg faili ya /usr/bin/ls ni ya kifurushi gani, itakujibu kwamba haiijui, kwa sababu kifurushi chake kimeiandika kwa jina la /bin/ls. Hadi hapo ni usumbufu tu, wala hakuna kilichopotea.

Upotevu unakuja mabadiliko mawili yanapokutana. Tuseme kifurushi cha kwanza kilikuwa na faili ya /bin/chombo, kisha watunzaji wakaamua kuihamishia kwenye kifurushi cha pili, na papo hapo wakaiandika upya kuwa /usr/bin/chombo. Mtumiaji anaposasisha mfumo, kifurushi cha pili kinafunguliwa kwanza, na faili yake inakaa mahali ilipokuwa ile ya zamani. Kama njia ingebaki ileile, dpkg ingetambua kwamba umiliki umehama. Kwa kuwa njia zimetofautiana, inaamini kwamba zipo faili mbili, na kwamba /bin/chombo bado ni mali ya kifurushi cha kwanza. Kinapofuata kifurushi cha kwanza katika toleo lake jipya lisilo na faili hiyo, dpkg inaifuta /bin/chombo kama mabaki, na kwa kufanya hivyo inaifuta faili ileile iliyotoka kuwekwa. Hakuna onyo linalotolewa, na kumbukumbu zinaonyesha kwamba kila kitu kimesakinishwa. Kwa sababu hii Kamati ya Kiufundi ya Debian ililazimika kuwasihi watunzaji wa vifurushi wasihamishe faili kwa namna hiyo katika kipindi chote cha matayarisho ya toleo la 12. Nauona uamuzi huo kuwa wa busara kubwa: ulichelewesha kazi ya watunzaji, lakini uliziokoa mashine za watu wasiojua lolote kuhusu mjadala huo.

Kundi hili la walinganishaji lina wengine, na baadhi yao wanagusa usalama. AppArmor, kinga ya usalama ya Linux, huziwekea programu mipaka kwa kuzitambua kwa njia zao, nayo hutazama njia halisi baada ya viungo kufuatwa. Kanuni iliyoandikwa kwa ajili ya /bin/ping haitaigusa tena programu hiyo pindi njia yake halisi inapokuwa /usr/bin/ping. Programu itafanya kazi vizuri kabisa, ila bila mipaka iliyokusudiwa, na hilo ndilo la kutisha, kwamba hakuna kinachoshindikana mbele ya macho ya msimamizi. Ndiyo maana kanuni hizo siku hizi huandikwa kwa namna inayokubali njia zote mbili. Vilevile faili ya /etc/shells, inayoorodhesha sheli zinazoruhusiwa, husomwa kama maandishi: mtumiaji ambaye sheli yake imeandikwa /usr/bin/bash, ilhali orodha ina /bin/bash pekee, anaweza kukataliwa na huduma inayoikagua orodha hiyo.

Tatizo jingine husafiri kutoka mashine moja hadi nyingine. Programu nyingi, zinapojengwa kutoka msimbo wake, hutafuta kwenye mashine zana kama sed na kuiandika njia iliyopatikana ndani ya matokeo. Zikijengwa kwenye mashine iliyounganishwa, zinaweza kuandika /usr/bin/sed, na zikipelekwa kwenye mashine ya mpangilio wa zamani, ambako sed imo ndani ya /bin peke yake, zitashindwa. Kiungo kipo, lakini kipo kwenye mashine nyingine.

Hatari ya kiungo chenyewe kutoweka nayo ni ya kweli. Mtu akifungua kwa tar, programu ya kufungasha na kufungua faili nyingi pamoja, hifadhi iliyo na saraka halisi ya lib64 juu ya mzizi wa mfumo, GNU tar, isipoambiwa vingine, inaweza kukiondoa kiungo cha /lib64 na kuweka saraka badala yake. Kipakizi cha maktaba, yaani programu inayopakia misimbo ya pamoja ambayo programu nyingine huitegemea, ambacho kwenye mashine za x86-64 njia yake ya /lib64/ld-linux-x86-64.so.2 imeandikwa ndani ya karibu kila programu, kinakuwa hakifikiki. Kuanzia hapo ls, cp na mv zote zinajibu kwamba faili haipo, ingawa faili za programu hizo zipo mahali pake. Kinachokosekana ni kipakizi, na ujumbe haukitaji. Anayeifahamu hali hii atatumia busybox, programu moja iliyobeba amri nyingi za msingi, ile isiyotegemea maktaba za nje, au atawasha mashine kwa diski ya uokozi. Chaguo la --keep-directory-symlink huizuia tar isifanye hivyo, na linastahili kujulikana kabla ya siku hiyo.

Windows nayo imelipitia suala hili kwa njia yake. Programu nyingi mno zilikuwa zimeandika jina la System32 moja kwa moja, hivyo mfumo wa biti 64 uliliacha jina hilo kwa faili za biti 64, ukaziweka za biti 32 ndani ya SysWOW64, na ukawa unaielekeza upya kimyakimya kila programu ya biti 32 inayoomba System32. Programu mbili zikiomba njia moja hupata faili tofauti: ni kinyume cha yale tuliyoyaona, lakini chanzo ni kilekile.

Kwa mwandishi wa programu, kazi inaanzia kwenye kujiuliza, kila anapoandika njia kamili, kama njia hiyo itafunguliwa au italinganishwa. Ikiwa ni ya kufunguliwa, /bin/sh ibaki ilivyo, kwani imeahidiwa kwa miongo mingi, na zana nyingine zitafutwe kupitia PATH, yaani orodha ya saraka ambamo mfumo hutafuta amri. Ikiwa ni ya kulinganishwa, basi njia zote mbili zigeuzwe kwanza kuwa njia halisi, kwa realpath au kwa namna nyingine, ndipo zilinganishwe. Jambo hili halijapitwa na wakati: Fedora 42 ya mwaka 2025 imeiunganisha pia /usr/sbin na /usr/bin, na kila orodha iliyotaja /usr/sbin inahitaji kukaguliwa upya. Anayetengeneza vifurushi anaweza kujenga kifurushi kilekile mara mbili, kwenye mashine iliyounganishwa na kwenye isiyounganishwa, kisha ayalinganishe matokeo baiti kwa baiti. Mradi wa Debian wa ujenzi unaorudiwa ulitumia mbinu hii, nayo iliwaonyesha watunzaji ni vifurushi vipi vilivyokuwa vimebeba njia ya mashine vilikojengwa.